Malipo ya mwisho: zawadi ao deni?



Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, kijana wa parokia yetu alitungoja mlangoni pa sakristia, bahasha mkononi. Tulimjua tangu alipofundishwa Komunyo ya kwanza. Leo ni baba wa watoto watatu. Kwa miaka saba alikuwa akifanya kazi ambayo huku kwetu watu wanaiita kazi ya delege: kuzunguka katika hospitali, zahanati na farmasi, na mfuko wa dawa za kuonyesha, ili madaktari wazijue dawa za kompani yake na kuwaandikia wagonjwa. Ijumaa moja jioni alipata ujumbe katika simu: Jumatatu arudishe mfuko, pikipiki na simu; kazi imekwisha. Alirudisha vyote, akapewa bahasha. Ndani yake mlikuwa mshahara wa mwezi mmoja, pamoja na karatasi ya kutia sahihi, imeandikwa kwamba amepokea yote na hadai kitu tena.

Akatuuliza: «Mwalimu, fedha hizi ni zawadi ao ni deni? Kama ni zawadi, niseme asante na kwenda zangu. Kama ni deni, nihesabu kwanza kama zimetimia.»

Hatukuwa na jibu tayari. Tulimwambia asitie sahihi upesi, atuachie juma moja tufikiri. Haya tunayoandika ni matunda ya juma lile, na ya majuma mengine yaliyofuata. Maana swali lake lilitufikisha mahali ambapo hatukutazamia kufika.

I. Kazi yenyewe ilivyo

Kazi hii haikuzaliwa kwetu. Inaonekana vizuri zaidi kule Marekani, ambako kwenye mwaka 2005 hivi watu karibu 100,000 walikuwa wakiifanya. Tuiangalie huko kwanza, kisha turudi nyumbani.

Delege ni mtu wa namna ya pekee. Anaitwa muuzaji, lakini hauzi kitu kwa mkono wake. Daktari hanunui kwake. Daktari anaandika jina la dawa kwenye karatasi, na mgonjwa anainunua farmasi. Hata hivyo delege anahesabiwa kwa dawa zilizouzwa katika eneo lake. Akipita kiasi alichopangiwa, anapata nyongeza. Akipungukiwa, anaitwa ajieleze. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Marekani ilihukumu kesi iliyoitwa Christopher dhidi ya SmithKline Beecham. Waamuzi watano walishinda wanne, wakasema madelege wa dawa wahesabiwe kuwa wauzaji wa nje, na kwa hiyo sheria haimlazimishi mkubwa wa kazi kuwalipa saa za ziada. Basi delege anabeba mashaka ya muuzaji, naye hana duka.

Kwa nini wanaachishwa kazi? Mara nyingi si kwa uvivu. Dawa mpya inalindwa na hati ya serikali inayokataza wengine wasiitengeneze. Hati hiyo ina siku yake ya kwisha, kwa desturi miaka 20 tangu ilipoombwa. Siku hiyo ikifika, viwanda vingine vinatengeneza dawa ile ile na kuiuza kwa bei ndogo. Hapo kompani ya kwanza haioni tena faida ya kutuma watu kwa madaktari kuisifu.

Tuchukue mfano unaojulikana. Kompani ya Pfizer ilikuwa na dawa ya kupunguza mafuta ya damu, jina lake Lipitor. Katika miaka yake mizuri dawa hiyo peke yake ilileta zaidi ya dola milioni 10,000 kwa mwaka. Ulinzi wake kule Marekani ulikwisha mwezi wa Novemba 2011. Lakini miaka mitano mbele, mwezi wa Novemba 2006, kompani ilikwisha kutangaza kwamba inapunguza madelege wake wa Marekani kwa sehemu moja katika tano, ndio watu karibu 2,200. Kati ya hao walikuwamo bila shaka watu waliotimiza kila walichopangiwa. Aliyewashinda ni kalenda.

Msomaji ashike jambo hili, maana tutalirudia: siku ya kufa kwa ulinzi wa dawa imeandikwa tangu mwanzo. Wakubwa wanaijua. Anayetembea na mfuko, mara nyingi haambiwi maana yake kwa kazi yake.

II. Sheria zinasema nini

Kule Marekani, kwa desturi ya nchi, mkubwa wa kazi anaweza kumwacha mtu siku yoyote, na mtu anaweza kuacha kazi siku yoyote. Sheria ya mwaka 1988 inawalazimisha wenye wafanyakazi 100 ao zaidi watoe habari siku 60 mbele wanapofunga mahali pa kazi ao kuachisha watu wengi pamoja. Lakini hakuna sheria ya nchi nzima inayoamuru kompani imlipe aliyeachishwa kitu zaidi ya mshahara wa siku alizofanya. Jimbo la New Jersey, lenye kompani nyingi za dawa, lilikwenda mbele zaidi: tangu mwaka 2023 linaamuru kwamba watu wengi wakiachishwa pamoja, kila mmoja alipwe mshahara wa juma moja kwa kila mwaka aliotumika.

Pengine pengi kompani inalipa kwa hiari, ao kwa mapatano. Tena mara nyingi inalipa kwa sharti: mtu atie sahihi kwamba hataishitaki. Kwa wenye miaka 40 na zaidi, sheria ya mwaka 1990 inataka wapewe siku 21 za kufikiri, ao siku 45 kama wanaachishwa kundi zima, na siku 7 za kugeuza shauri baada ya kutia sahihi. Sheria hiyo inatufundisha neno moja la hekima: mtu aliyepigwa na habari mbaya asitie sahihi siku ile ile.

Kwetu Congo, Kode ya Kazi ya mwezi wa Oktoba 2002 inasema wazi zaidi. Mwenye mapatano yasiyo na mwisho asiachishwe pasipo sababu ya kweli: ao uwezo wake, ao mwenendo wake, ao mahitaji ya kazi yenyewe. Tena apewe preavi, ndiyo habari ya mbele: siku 14 za kazi, na kuongeza siku 7 kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Asiyepewa siku hizo alipwe fedha zake. Na akiachishwa bila sababu ya haki, mwamuzi anaweza kumpa malipo hata kufika mishahara ya miezi 36.

Tulikaa na kijana wetu tukahesabu. Miaka 7 mara siku 7 ni siku 49. Pamoja na 14 ni siku 63 za kazi. Mwezi una siku 26 za kazi. Bahasha yake haikufika hata nusu.

Lakini swali lake halikuwa la sheria tu. Alitaka kujua mbele ya Mungu na mbele ya akili fedha hizo ni kitu gani. Tusikie pande zote mbili.

III. Wanaosema: ni zawadi

Wanaosema hivi si wajinga, wala wote si wabaya. Wanasema: «Nilimwita kwa kazi, nimemlipa kila mwezi. Mwisho wa mwezi hatudaiani. Naye anaweza kuniacha kesho akipata mshahara mkubwa kwingine. Je, atanilipa mimi? Nikimpa kitu siku ya kuagana, ni wema wangu.» Tena wanaongeza: «Mkifanya kumwacha mtu kuwa jambo la gharama kubwa, sisi tutaogopa kuandika watu, na vijana wenu watakaa barabarani.»

Neno la kwanza lina sura ya usawa. Lakini kompani ikiachwa na delege mmoja, kiti kinabaki kitupu majuma machache. Delege akiachwa na kompani, watoto wanarudishwa kutoka shule. Wenye kutunga sheria yetu waliona tofauti hiyo: mfanyakazi anayeacha kazi anadaiwa nusu tu ya preavi ambayo mkubwa angedaiwa mwenyewe.

Neno la pili ni zito zaidi, tusilipite mbio. Ni kweli kwamba mwenye depo ndogo ya dawa, mwenye watu wanne, hawezi kulipa kama kompani yenye matawi katika nchi kumi. Deni lazima lifuate kipimo: miaka ya mtumishi, na nguvu za anayelipa. Lakini mwenye depo anayeweka pembeni kidogo kila mwezi tangu siku anapomwandika mtu, hatashituka siku ya kuagana. Anayesema «sina» baada ya miaka kumi, mara nyingi hakukosa fedha, alikosa kukumbuka.

IV. Sisi twasema: ni deni

Tunatoa sababu tatu.

Ya kwanza ni miaka yenyewe. Mshahara wa mwezi unalipa kazi ya mwezi. Lakini mtu anayetumika miaka mingi njia moja, njia zake nyingine zinaota majani. Kijana wetu alisoma biolojia. Angeweza kuwa mwalimu. Leo ana miaka 34, na shule zinataka aliyetoka chuoni jana. Kufungwa kwa njia hizo hakukuandikwa katika karatasi ya mshahara wa mwezi wowote.

Ya pili ni kile anachoacha nyuma. Daktari hakuijua kompani. Alimjua mtu aliyefika kwa mvua na kwa vumbi, aliyengoja saa mbili penye ukumbi bila kukasirika. Imani ile sasa ni mali ya kompani, na delege mpya atapita katika njia iliyokwisha kufyekwa. Kumwacha aliyeifyeka aende mikono mitupu ndiyo ile methali ya wazee wetu: asante ya punda ni mateke.

Ya tatu ni habari. Anayejua siku ya mwisho na kuinyamaza anadaiwa zaidi kuliko yule ambaye naye alishitukizwa. Vita ikizuka, ao duka likiungua, mkubwa na mtumishi wanalia pamoja. Lakini hati ya dawa haiungui ghafula. Wakubwa wanaojua kwamba baada ya miaka miwili dawa haitahitaji madelege, na mwaka uo huo wanamshauri delege akope fedha za nyumba, hao wamechukua kitu chake: wakati wa kujitayarisha. Kilichochukuliwa kinarudishwa. Hapo malipo ya mwisho ni kurudisha, tena kurudisha kwa kuchelewa. Bora kuliko yote ingekuwa kumwambia mapema.

Maandiko Matakatifu yalitangulia. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 15, bwana anaamriwa amwache huru mtumwa wake mwaka wa saba. Wala asimwache atoke mtupu, bali ampe katika kondoo zake, katika nafaka yake na katika divai yake. Tuangalie vizuri: mtumwa yule hakuwa na mapatano wala sendika. Sheria haikungoja adai. Na kipimo ni baraka aliyopata bwana wakati mtumwa alipokuwa kwake. Kama mtumwa hakuachwa mtupu, mtu huru je?

Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano ya mkubwa na mfanyakazi hayamalizi mambo yote. Juu yake iko haki ya asili, iliyo ya zamani kuliko mapatano. Na Yohane Paulo II, katika Laborem exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba kumsaidia aliyekosa kazi ni wajibu unaotoka katika haki ya kila mtu ya kuishi.

Lakini tusichanganye mambo. Mwizi aliyeuza dawa za kompani pembeni, ao mtu aliyefanya kosa zito lingine, hadai preavi. Anadai mshahara wa siku alizofanya tu. Tena kinachodaiwa kwa haki kisiuzwe kwa sahihi. Kompani ilipe kwanza deni bila sharti. Kama inataka kuongeza kitu kwa kununua ukimya, hayo ni mapatano mengine, na mtu yuko huru kukataa. Kuchukua deni la mtu na kumrudishia kama bei ya ukimya wake ni kumnunua kwa fedha zake mwenyewe.

V. Hofu inafika mpaka kwa mgonjwa

Labda msomaji atasema: «Mimi si delege, jambo hili lanihusu nini?» Linakuhusu siku unapougua.

Yesu alisimulia habari ya wakili aliyeambiwa kwamba atatolewa kazini. Wakili yule alijiuliza afanye nini, maana kulima hawezi, na kuomba anaona haya. Kisha akachukua hati za wadeni wa bwana wake, akapunguza hesabu. Twasoma hayo katika Luka, sura ya 16. Bwana alisifu akili yake. Lakini tuone pia mlango aliopitia: hofu ya kesho ndiyo iliyoitia kalamu yake uongo.

Delege anayeogopa hesabu ya mwisho wa mwezi yuko karibu na mlango ule ule. Marekani waliona matunda yake. Dawa ya maumivu iliyoitwa OxyContin ilianza kuuzwa mwaka 1996, madelege wakipewa nyongeza kubwa kwa kuieneza. Mwaka 2007 kompani ya Purdue ilikubali mbele ya mahakama kosa la kuisema dawa hiyo isivyo kweli, kana kwamba haifungi watu sana. Mwaka 2018 iliacha kuisifu kwa madaktari, ikaachisha madelege wake wote. Walioisifu dawa walipoteza kazi. Wengi waliofungwa nayo walipoteza uzima.

Tunaeleza hayo kwa sababu kijana wetu mwenyewe, siku ya pili alipokuja, alinyamaza kidogo kisha akasema: «Mwalimu, mimi pia nina deni. Mwisho wa mwezi, hesabu ikiwa chini, nilisema dawa ya kifua inafaa watoto wote. Sikujua kama inafaa wote.» Hatukumpa maneno mengi. Tulimwambia aende kwa padri kuungama, na kisha aende kwa madaktari wawili aliowaambia neno hilo, awaambie kweli. Alikwenda kwa wote wawili, kwa mguu, maana pikipiki ilikwisha kurudishwa.

Kwa hiyo malipo ya mwisho yanamlinda hata mgonjwa. Delege anayejua kwamba akianguka ataanguka juu ya mkeka, anaweza kusema kweli. Anayejua kwamba ataanguka juu ya mawe, atashika kitu chochote kilicho karibu.

VI. Sasa turudi nyumbani

Wenzetu wa Katanga wanaujua ugonjwa huu bila kuwa madelege. Tangu mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ulioitwa departi volontere, kwa fedha zilizotoka Benki ya Dunia. Wengi walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Jina lilisema ni kwa hiari. Lakini hiari ya mtu mwenye njaa ni nyembamba. Wapo walionunua nyumba ao shamba, na hata leo wanakula hapo. Wapo ambao fedha ziliwapita mikononi kama maji. Ndiyo sababu tunamwambia pia anayepokea: fedha hizi si ushindi wa bahati nasibu. Ni chakula cha miezi ya kutafuta. Mwonyeshe bibi yako hesabu yote siku ile ile, lipa shule kwanza, na wageni wa ghafula uwape chai.

Tungetaka kumaliza hapo. Lakini tulisema swali la kijana lilitufikisha mahali.

Tulipokuwa tukihesabu siku zake 63, tulikumbuka sentineli wetu. Alilinda ukumbi wa parokia usiku, kwa mvua na kwa baridi, miaka tisa. Mwaka uliopita komite yetu, ambayo nasi tumo, iliona bora kuweka kufuli kubwa na kumwacha. Tulimwita, tukampa mshahara wa mwezi mmoja na mfuko wa unga, tukapiga makofi. Padri hakuwapo, shauri lilikuwa letu. Tulirudi nyumbani tukijiona watu wema, maana tulikuwa tumetoa zawadi.

Miaka 9 mara siku 7 ni 63. Pamoja na 14 ni siku 77 za kazi. Kwa siku 26 za mwezi, ni karibu mishahara ya miezi mitatu. Tulikuwa tumelipa mmoja. Iliyobaki, tuliyoiita zawadi ambayo hatukutoa, ilikuwa mali yake, nayo ililala katika sanduku la komite mwaka mzima.

Komite ilibishana jioni mbili. Mmoja alisema mzee yule hakudai. Tukajibu kwamba hata mtumwa wa Kumbukumbu la Torati hakudai. Mwishoni tulikubaliana kulipa mara mbili, nusu sasa na nusu baada ya mavuno. Tulikwenda wawili nyumbani kwake. Tulimkuta barabarani anauza makala kwa vikopo. Aliweka fedha chini ya gunia, hakuzihesabu, akauliza: «Mbona sasa?»

Tulimjibu kweli: kwamba kijana mmoja alituuliza swali, nasi tukajihesabu. Akasema vema, akatupa viti.

Jambo la kijana liko mbele ya inspekta wa kazi. Alikwenda na karatasi yake bila sahihi, na hesabu imeandikwa vizuri, bila matusi. Hatujui mwisho wake. Lakini kila msomaji mwenye mtumishi nyumbani, sentineli langoni, ao kijana wa kuuza dukani, anaweza kuchukua kalamu usiku huu na kuhesabu. Si kazi ya saa nyingi. Na akiona kitu kimebaki, wazee walikwisha kutuambia dawa yake, wala haihitaji delege wa kuisifu: dawa ya deni ni kulipa.